Kichuguu cha Kiwanja Sitini na Moja

Jembe lilipogonga chungu, Agnès alidhani ni jiwe, akalitukana kwa sauti ya chini ili mtoto mgongoni asiamke. Wivine alikuwa na miezi minane, na usingizi wake wa asubuhi ulikuwa mali ya mama yake, kwani hiyo ndiyo saa pekee mikono ilipokuwa huru. Agnès akachimba pembeni, polepole, akapangusa udongo mwekundu kwa kiganja. Likatokea tako la chungu. Kilikuwa kimefunikwa mdomo chini, na katikati ya tako palikuwa na tundu la mviringo, la kutobolewa kwa makusudi. Ubavuni kilikuwa na ufa, na ufa ule ulikuwa umeshonwa kwa waya wa shaba kama nguo.

Nani anashona chungu? Akacheka peke yake, akakiinua.

Chini yake kulikuwa na meno.

Hakupiga kelele. Alibaki ameinama, chungu mikononi, kama mtu aliyekabidhiwa sahani ya moto na haoni meza. Yalikuwa meno madogo, mazuri, ya mtu kijana. Kisha taya. Chini zaidi, pale ambapo mikono ya mtu aliyekaa ingekutana kifuani, kulikuwa na mifupa mingine, myembamba kama ya ndege, na vipande vya fuvu vyepesi kama ganda la yai.

Wivine akapumua shingoni mwake. Pumzi ile ya joto ilipomgusa, akaketi pale pale kwenye udongo.

Kiwanja hicho alikuwa amekichagua yeye. Katika mtaa mpya wa Waafrika, ukingoni mwa Élisabethville, mahali ambapo msitu ulikuwa bado unachungulia nyumba, watu wanne walikuwa wameonyeshwa namba sitini na moja wakaikataa, kwa sababu nusu yake ilikuwa imemezwa na kichuguu kirefu kuliko paa. Agnès alipokiona, moyo ulimruka. Yeye na mumewe Edouard walikuwa watu wa kaskazini, watoto wa reli, na mambo ya nchi hii ya kusini hawakuyajua sana. Lakini jambo moja kila mtu mjini alilijua: udongo wa mchwa ndio unaotoa tofali gumu. Wengine waliusomba kwa mikokoteni kutoka mbali. Yeye angekuwa na mlima wake mwenyewe uani. Aliwacheka wale wanne. Alimwambia mumewe kwamba mtu anayeogopa mchwa alale nje.

Sheria ya bilo, ofisi ya viwanja, ilikuwa fupi. Ukionyeshwa mahali, unapasawazisha, unapanga matofali elfu mbili ya kuchoma, unapeleka karatasi iliyojazwa. Kisha mzungu anakuja na watu wake, wanapigilia vigingi vya chuma kwenye pembe nne za nyumba, anapiga muhuri, na hapo ndipo unapata ruhusa ya kujenga. Mvua ya kwanza ikikukuta huna ruhusa, kiwanja kinakwenda kwa mwingine, na matofali yako yanamfuata. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Kila alasiri mawingu yalikusanyika upande wa mto Kafubu, yakatazama tu, yakaondoka. Hayangetazama hivyo milele. Na katika kile chumba kimoja walichopanga nyuma ya ua wa watu, moshi wa jirani uliingia juu ya ukuta, na Wivine alikohoa humo kama mzee wa machimbo.

Karatasi Agnès aliijaza kwa mkono wake. Edouard alijua kusoma, lakini kalamu ilikuwa ikimtoroka. Agnès alikuwa amesoma jioni kwa masista, miaka miwili mizima, mwishoni tumbo likiwa kubwa hata hakuweza kuisogelea meza. Maswali yalikuwa kumi na mawili. La tisa liliuliza kama kiwanjani kuna kaburi, kisima au msingi wa nyumba ya zamani. Aliandika *Hapana*, kwa H yenye mkia mrefu wa kupendeza, akaupuliza wino mpaka ukakauka.

Karatasi hiyo sasa ilikuwa bilo. Mzungu alitazamiwa Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Alimwita Kasonde. Sauti ilitoka nyembamba, si yake.

Kasonde ndiye aliyewachomea tanuru. Alikuwa mtu wa hapa hapa, wa kabila la Walamba, wa miaka thelathini hivi, ambaye siku nzima angeweza kusema maneno kumi na mengine akayabakiza. Majirani walisema kichwani hayuko sawa, maana alichagua kazi kwa namna ya ajabu: penye kichuguu alikuja hata bila kubembelezwa, pasipo na kichuguu hukumpata hata kwa dawa. Wiki tatu Agnès alikuwa amempikia bukari, ugali wa mchana, na wiki tatu alikuwa amemwona, kila linapochimbwa tabaka jipya, akiacha moto wake na kuja kusimama kando, mikono nyuma, akitazama jembe. Alidhani anapima udongo.

Kasonde alikuja akipangusa majivu. Shimoni hakutazama. Alitazama chungu. Akakichukua mikononi mwa Agnès, akachuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya mishono ya shaba, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

"Ya tano ilimukatikia," akasema. "Akamaliza na waya ingine. Angalia, haifanane."

Agnès akatazama. Kweli, mshono wa tano ulikuwa mnene kuliko mingine.

"Ilimukatikia nani?"

"Baba. Mi nilikuwa nashika chungu, yeye anashona." Ndipo akageuza macho shimoni, na akasema taratibu, kama mtu anayemjulisha mgeni kwa watu wa nyumbani: "Ule njo mama."

Agnès alisikia maneno hayo, akayaelewa moja moja, lakini yote kwa pamoja yalikataa kuingia. Kasonde alisimulia huku akikishika chungu magotini. Kijiji chao kilikuwa hapa, kabla ya mtaa, kabla ya barabara. Mama yake alikufa akijifungua, mwaka wa nzige, yeye akiwa mtoto wa miaka sita. Kwao mwanamke aliyekufa pamoja na kitoto chake hakulazwa na wengine. Walifungua kichuguu, wakamketisha ndani na mtoto wake kifuani, wakakitoboa chungu chake ili mtu mwingine asikipikie, wakamfunika nacho kichwa. Mwaka uliofuata walikuja watu wa kupima nchi kwa minyororo, na kijiji kikaambiwa kihamie ng'ambo ya Kafubu. Alipokua akarudi kutafuta kazi mjini, vichuguu vilikuwepo, lakini njia alizovijulia zilikuwa zimefutwa. Basi akajifunza kuchoma matofali. Hiki kilikuwa kichuguu cha kumi na mbili.

"Kumi na mbili," Agnès akarudia.

Edouard alifika saa sita kwa baiskeli kutoka relini. Alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akaongea kama mtu wa reli aongeavyo, jambo moja nyuma ya jingine. Pembe ya nyumba, kwa mchoro waliopeleka, iliangukia pale pale penye shimo. Kigingi cha chuma kingezama hapo Jumamosi. Kuiondoa mifupa bila karatasi ni kifungo. Amri hiyo ilisomwa sokoni, wote waliisikia. Kuomba karatasi ya kuiondoa ni kuwaonyesha kwamba swali la tisa lilijibiwa uongo, na hapo kiwanja kimekwenda, matofali yamekwenda, na labda yeye mwenyewe amekwenda kulala jela kwa ajili ya neno lililoandikwa na mkewe. Hakusema hilo la mwisho kwa hasira. Ndiyo maana lilimchoma Agnès zaidi.

Kasonde akasema wamrudishie udongo tu, wajenge, yeye amekwisha kumwona mama yake, inatosha. Hakuna aliyemsadiki, maana chungu hakukiachilia.

Agnès alikuwa amemshusha Wivine na kumweka kifuani, akimnyonyesha, ingawa mtoto hakuwa na njaa.

"Baba Wivine," akasema, "ile chuma itapita mu kichwa ya mutoto."

Edouard alitazama shimo. Alimtazama bintiye. Kisha akavua koti lake la kazi, akalitandaza juu ya shimo lile, na kulikandamiza kwa matofali manne kwenye pembe, ili upepo usilifunue. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Ijumaa asubuhi Agnès na Kasonde walikuwa kwenye benchi la bilo. Edouard hakuweza kuacha zamu. Karani aliyekaa mlangoni aliitwa Adrien, mtu wa Kasai, mwenye tai iliyonyooka na ulimi usiopumzika. Kwa kila aliyefika alikuwa na la kumchekesha. Agnès alipomwambia kwamba anataka kusahihisha karatasi, Adrien aliinua nyusi.

"Mama, ku hii bilo karatasi inaenda tu mbele. Haina miguu ya kurudia nyuma."

Benchi lote likacheka. Agnès akainama, akamnong'oneza yote. Kicheko kikamtoka Adrien usoni kana kwamba mtu amekipangusa kwa kitambaa. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Rudi kwenu," akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Mi sikusikia kitu. Jenga nyumba yako, mama. Uko na mutoto."

Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Bwana wa viwanja watu walimwita Bwana Mita, kwa kuwa hakuonekana bila utepe wake wa kupimia, na mkono wake ulikuwa tayari unawaita waingie.

Agnès alikuwa amejiandaa kwa kelele. Tangu alfajiri alikuwa amepanga maneno ya kuomba, amepanga hata mahali pa kupiga magoti: kando ya meza, si mbele yake, ili Wivine asigonge kichwa. Alisema akiwa amesimama: alijibu vibaya swali la tisa, hakujua, kiwanjani kuna kaburi, na huyu ni mtoto wa aliyezikwa, anaomba ruhusa ya kumwondoa mama yake. Adrien akageuza maneno hayo kuwa Kifaransa, akiyapunguza makali.

Bwana Mita hakukasirika. Jambo hilo Agnès hakulisahau. Alimpa kiti. Akatafuta dosie, jalada la kiwanja sitini na moja, akaifungua, akachukua karatasi nyingine safi, ya kuhamisha maiti, akavaa miwani.

Jina la marehemu?

"Bana Kasonde," akasema Kasonde.

Adrien akamweleza kwamba hiyo ni kusema mama wa Kasonde. Bwana anataka jina lake yeye mwenyewe.

Kasonde akafungua mdomo. Jina hilo hakulijua. Kwao mwanamke akizaa, jina la usichana wake linakaa kwa wenzake wa rika. Watu wote wanamwita kwa mtoto wake wa kwanza, na mtoto ndiye wa mwisho kuambiwa lile jina, maana halipaswi kukaa kinywani mwake. Wale wa rika lake walikuwa wamekwisha kufa ng'ambo ya Kafubu, mmoja mmoja.

"Nilimuita mama," akasema.

Bwana Mita akaacha mstari ule wazi. Tarehe ya kifo? Mwaka wa nzige. Mstari wazi. Namba ya buku ya utambulisho? Wanawake wa vijijini wa wakati ule hawakuandikiwa buku. Mstari wazi. Padri au mchungaji aliyezika? Kasonde akatikisa kichwa.

Mzungu akaweka kalamu chini, akazungumza kwa muda, bila haraka, kama mwalimu mwema mbele ya mtoto mgumu wa hesabu. Adrien alitafsiri akiwa ameikazia macho kona ya meza. Kaburi, kwa bilo hii, ni mahali alipolala mtu aliyeandikwa. Hapa hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna namba, hakuna parokia.

"Anasema," na hapo sauti ya Adrien ikashuka, "anasema hakuna mufu. Kama hakuna mufu, hakuna kaburi. Basi mama, ile *Hapana* yako iko kweli. Haukudanganya."

Bwana Mita akaongeza kitu, akitabasamu, kidole juu ya karatasi ya zamani. Adrien akasita.

"Anasema uko na maandiko ya muzuri sana."

Kisha muhuri ukashuka. Wivine alishtuka akaanza kulia. Ruhusa ya kujenga, siku moja kabla ya wakati wake. Jumamosi wangekuja wapigiliaji tu.

Agnès alikuwa ameileta shingo yake ikatwe, na wamemwekea shada. Hakujua afanye nini na uso wake. Akamtazama Kasonde. Alikuwa bado amesimama wima, kofia kifuani, akingojea karatasi yake kama mtu ambaye hajaitwa bado, ilhali Bwana Mita alikuwa ameikunja ile karatasi yenye mistari minne mitupu na kuitia kapuni.

"Bwana Adrien, umuulize," akasema Agnès. Sauti ilikuwa imerudi kuwa yake. "Kama hakuna muntu, ile mifupa nani atatukataza kuibeba?"

Adrien akauliza. Bwana Mita akainua mabega. Kinachotoka ardhini wakati wa kusawazisha ni udongo. Udongo, mwenye kiwanja anautupa anapotaka.

Nje, juani, Agnès aliisoma ruhusa yake kwanza kwa haraka, kisha polepole. Mwenye kiwanja: jina zima la Edouard. Kazi: reli. Mke: 1. Watoto: 1. Akarudi juu, akashuka tena chini. Maswali kumi na mawili alikuwa ameyajibu yeye, kwa mkono wake, kwa wino wake, na hapakuwa na hata moja lililomuuliza anaitwa nani. Na siku ile akiandika, na mkia wake mzuri wa H, hakuona.

"Twende, mama," akasema Kasonde. Yeye ndiye aliyemshika kiwiko kuvuka barabara, kana kwamba aliyefiwa ni Agnès.

Alasiri hiyo walimtoa. Edouard alikuja mapema, akamshikilia mtoto. Agnès alikitandika kile kitenge alichokuwa amekitunza kwa siku ya kuingia nyumba mpya. Kasonde alimshusha mama yake humo, kiungo kwa kiungo, mpaka ikafika zamu ya vile vidogo, na hapo mikono yake ikakataa kabisa. Agnès akashuka shimoni. Aliviokota kwa ncha za vidole, kama mtu anayechambua mchele, akihema kwa mdomo, akijisemea moyoni kwamba ni vyepesi, ni vyepesi mno, haiwezekani mtu kuwa mwepesi hivi. Alihakikisha hakubakiza kimoja.

Kasonde akaufunga mzigo. Hakuubeba begani wala kichwani. Aliuzungusha mgongoni, akafunga ncha za kitenge kifuani, kama Agnès anavyombeba Wivine. Edouard alimpa baiskeli, akaikataa. Alisema safari kama hii mtu huenda kwa miguu.

"Ndugu Kasonde," akamwita Agnès. Swali lilikuwa likimsumbua tangu bilo, tangu Alhamisi. "Tujenge, ao tuache?"

Aligeuka. Alitazama tanuru, matofali elfu mbili aliyoyapanga yeye mwenyewe, mekundu, yanayolia kama kengele ukiyagonga.

"Mujenge," akasema. "Mama alikuwa na nyumba hapa. Kabla ya ile bilo kuwa bilo."

Akachukua chungu chini ya kwapa. Agnès hakujua kwa nini alifanya alichofanya baadaye, ila alimfuata hatua tatu, nne, miguu pekupeku kwenye udongo uliochimbuliwa.

"Mi naitwa Agnès," akasema.

Wiki tatu alikuwa Mama Wivine kwake, na mtaani alikuwa Mama Wivine kwa kila mtu. Kasonde alilirudia jina lile mara mbili, kwa shida kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeongezewa mzigo na kuukubali, akashika njia ya Kafubu.

Jumamosi walikuja watu wawili na nyundo. Vigingi vitatu vilichelewa kuzama. Cha nne kilizama kwa pigo moja, mpaka mwenye nyundo nusura aanguke, akamwonya Edouard kwamba kona hii ni laini, aijaze mawe kabla ya msingi. Edouard alikuwa amekwisha kuyaleta mawe. Aliyapanga kimya, moja moja, kwa mkono, bila kuyatupa.

Agnès alikuwa ameketi juu ya rundo la matofali na Wivine mapajani, wanatazamana. Mawingu ya Kafubu yalikuwa yamesogea, na kwa mbali yalikuwa yamekwisha kusema neno la kwanza. Alimshika mtoto mashavu mawili.

"Agnès," akamwambia. "Sema. A-gnès."

Wivine akaitazama midomo ya mama yake kwa makini sana, akakusanya mate, akakunja uso.

"Mama," akasema.

"Hapana," akasema Agnès, na machozi yalikuwa yamekwisha kumshuka. "Tuanze tena."